Safari imekufanya uitamani kazi ya mtu? Namna ya kujua kama kweli ni yako, kwa walioko Arusha na Moshi

Kila likizo ya mwezi wa kumi na mbili, na kila msimu wa mwezi wa saba na wa nane, ofisini kwetu hapa Arusha, ofisi ya safari za watalii, tunapata meseji za aina moja. Mtu kaja kutembea na familia, kashuka Ngorongoro siku moja, kapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu mpaka kituo cha kwanza cha Mandara, karudi zake Dodoma au Mwanza au Dar, na wiki hiyo hiyo anaandika: dada samahani, hivi nikitaka kufanya kazi kama ya yule kaka aliyetuendesha naanzia wapi? Wengine wametoka tu kumaliza kidato cha sita, wengine ni watu wazima wana kazi nzuri benki na watoto wawili. Mi huwa nawajibu wote, tena kwa urefu, na kwa kuwa majibu yanafanana nimeona niyaandike yote sehemu moja ili mtu ayasome kabla hajaacha kazi, kabla hajalipa ada ya chuo, na kabla hajamwambia mama yake kwamba anahamia Arusha.

Nianze kwa kusema hizo meseji naziheshimu sana. Mtu akiwa safarini akili inakuwa imetulia, hana bosi, hana foleni, hana kikao, ndo wakati pekee wengi wetu tunapata kujiuliza hivi maisha yangu nataka yaweje, na kinachokujia wakati ule kina uzito wake usikidharau. Ila kuna kitu kimoja lazima ukijue, pale unaiona kazi ya mwenzako kwenye siku zake nzuri kuliko zote. Ni mwezi wa nane, barabara kavu, simba wanaonekana, wageni wana furaha, gari limeoshwa linang'aa. Kazi hiyo hiyo ina mwezi wa nne pia. Ukiujua mwezi wake wa nne na bado ukaitaka, basi ifuate kwa nguvu zako zote na mtu asikurudishe nyuma. Mengine yote ninayoandika hapa chini ni namna ya kufika kwenye huo uhakika.

Jua hasa ni nini kilichokugusa

Ukiwa bado uko safarini, usiku kabla hujalala, chukua simu uandike vitu viwili vitatu ulivyoviona siku hiyo ukasema moyoni hii mi ningeiweza, hii ningeifanya hata kama hamna anayeniangalia. Usiandike "utalii", hilo ni neno kubwa mno halitakusaidia. Andika kitu kidogo kabisa. Namna dereva alivyosimamisha gari mbali kidogo na tembo, akazima injini, akawaacha wasogee wenyewe mpaka wakapita pembeni ya dirisha. Mkate wa moto uliotoka kwenye hema la jikoni wakati nje baridi inakata. Yule dada wa mapokezi aliyeongea Kifaransa na wazee wawili, akageuka akaongea Kimasai na mlinzi, akawageukia ninyi kwa Kiswahili, yote ndani ya dakika moja na hakuchanganya.

Ukishafika nyumbani soma ulichoandika uone nini kinajirudia, manake mara nyingi kinachojirudia sicho ulichokuwa unawatangazia watu. Binti wa shangazi yangu alikuja akazunguka Manyara na Ngorongoro, akarudi anasema anataka kuwa mwongoza watalii, lakini ukimsikiliza vizuri hadithi zake zote zilikuwa za jikoni: ile supu ya maboga waliyokunywa Karatu, mboga wanavuna kwenye bustani yao wenyewe nyuma ya loji, mpishi anafanyaje kwa mgeni asiyekula kitunguu wala ngano. Wanyama aliwataja kwa kupita tu. Tulivyomwambia alinyamaza kama siku mbili hivi, akaenda kusomea upishi, na sasa hivi yuko kambini ndani ya Serengeti na ukimpigia simu ataanza na habari ya chachu iliyogoma kuumuka kwa sababu ya baridi kabla hata hajakuuliza hali.

Na ujue ukija kama mgeni unawaona watu watatu tu, dereva, mhudumu na mpishi, na wakati mwingine mpishi mwenyewe humwoni. Nyuma yao Arusha na Moshi kuna watu kibao. Kuna wanaopanga safari ofisini, wanaohakikisha chumba kipo, kibali cha kuingia hifadhini kimelipiwa, gari lina mafuta na mgeni hapotei uwanja wa ndege wa KIA. Kuna mafundi, na hawa mi nawapenda kupita maelezo, manake hayo magari marefu unayoyaona yana paa la kuinua mengi yanakatwa katikati na kurefushwa hapa hapa mjini, fundi anaongeza kipande cha bodi na siti, anachomelea, anaimarisha springi na shokapu, na gari linaenda kupigwa na barabara ya vumbi ya geti la Naabi, Serengeti, miaka na miaka. Kuna marubani wanaopaa Kisongo na vindege vidogo kwenda kutua kwenye viwanja vya vumbi Serengeti, ambako lazima kwanza mtu ahakikishe pundamilia wametoka njiani. Kuna watafiti, simba wa Serengeti wamekuwa wakifuatiliwa na wanasayansi tangu 1966, na taasisi ya taifa ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI, makao yake makuu yako Arusha. Moshi kuna waonja kahawa, watu wanaopewa vikombe vimepangwa mstari, wanavuta kijiko kimoja kwa kelele, wanatema, na wanakuambia kahawa hiyo ina daraja gani kabla haijaenda mnadani. Na kama kilichokugusa ni lugha, kumbuka makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imekaa hapa tangu 2007, kwa hiyo kuna wakalimani wanaofanya kazi kwenye kibanda cha vioo, wawili wawili, wakipokezana kila baada ya kama nusu saa kwa sababu kichwa kinachoka.

Kwa hiyo kabla hujasema nataka kuwa fulani, hakikisha umeshaona na hao wengine.

Uliza habari za mwezi wa nne

Hapa ndo pazito, soma taratibu.

Masika kwetu yanashika mwezi wa tatu kwenda wa tano. Kambi nyingi za mahema ndani ya hifadhi zinafungwa kabisa, njia zinakuwa tope, mlimani makundi yanapungua, na wageni wengi wanasubiri mwezi wa sita. Pita Sakina au Njiro wakati huo uchungulie kwenye yadi za kampuni, utaona magari yamepangwa, mengine yako juu ya mawe matairi yametolewa, mafundi wako chini yake. Ni wakati mzuri kwa fundi, ana kazi mpaka usiku. Kwa dereva anayelipwa kwa siku alizotoka na wageni, ni wakati ambao hakuna kinachoingia. Mpagazi ndo zaidi, manake kipato chake kiko kwenye safari ya mlima na bakshishi ya mwisho wa safari, mlima ukinyamaza na yeye ananyamaza.

Sasa usiogope, watu wanaishi na wanajenga na wanasomesha kwa kazi hizi, tena wengi na vizuri. Wanachofanya ni kujipanga. Kuna dereva namfahamu, mwezi wa nne ni mwezi wake wa mahindi, ana shamba Ngaramtoni na analima kwelikweli. Mwingine anaendesha gari la shule. Mwingine anajifunza Kijerumani kila masika, ndo maana kampuni zinamgombania. Wewe unachotakiwa kujiuliza ni kama unaweza kuishi na pesa inayokuja kwa mafungu, nyingi kwa miezi kadhaa halafu hamna, au wewe ni mtu ambaye bila mshahara wa tarehe 25 usiku hulali. Wala siyo aibu kuwa mtu wa tarehe 25, mi mwenyewe ndivyo nilivyo na ndo maana niko ofisini.

Ukikutana na mtu anayefanya kazi unayoitamani, muulize maswali haya bila kuzunguka ila kwa adabu: mwaka jana ulifanya kazi miezi mingapi? Una mkataba au unaitwa tu kukiwa na kundi? Unachangiwa NSSF? Ukiumia kazini nani analipa hospitali? Majibu yatatofautiana sana kati ya kampuni na kampuni, na huo utofauti ni habari muhimu kwako kuliko hata jina la cheo. Kwa upande wa mlima, Moshi kuna mradi wa KPAP ulioanza mwaka 2003, unafuatilia namna kampuni zinavyowatunza wapagazi, malipo, mavazi, chakula, hema la kulala, na wanaweka wazi kampuni wanazoshirikiana nazo. Ukitaka kuanza kazi mlimani anzia kwenye kampuni za namna hiyo. Hilo nasisitiza kwa sababu nimeona vijana wanatoka mlimani wamelala kwenye hema linalovuja na bakshishi yao imegawanywa gizani, na wakasema kazi ya mlima haifai, kumbe kazi haina shida, shida ni aliyewaajiri.

Ijue siku yake ya kawaida, saa kwa saa

Chukua dereva anayeongoza watalii. Anaamka saa kumi na nusu au kumi na moja alfajiri, gari anakagua mwenyewe, matairi, maji, mafuta, redio, anapokea maboksi ya chakula cha mchana na anayahesabu. Wageni wanatoka wamependeza. Kuanzia hapo anaendesha, anatafuta wanyama, anaeleza, anajibu, huku akipiga hesabu ya saa za kibali, manake kibali cha hifadhi kina muda wake na ukichelewa kutoka getini kuna siku nyingine ya kulipia na kampuni itakuuliza. Ukipita geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, lami unaiacha nyuma, barabara ina rasta mpaka meno yanagongana, na bado kuna mgeni nyuma anauliza nyumbu anabeba mimba miezi mingapi. Lazima ujue (ni kama miezi minane na nusu). Tembo je? Miezi 22. Bonde la Olduvai, Mary Leakey alipata lile fuvu la zamadamu mwaka gani? 1959. Jioni wageni wanaoga wanaenda kula, yeye anaenda kuziba pancha na kufuta vumbi, analala bweni la madereva, na kesho yake anaamka tena hivyo hivyo akiwa na tabasamu la kweli, kwa sababu kwa mgeni ile ndo safari ya maisha yake.

Ukisoma hapo ukajikuta unasema aah hata kuziba pancha mi sawa tu, hiyo ni dalili nzuri sana. Ukijikuta umeishia kwenye tembo, basi pengine wewe unapenda kuwa mgeni, na nitakuja kwenye hilo.

Mlimani vilevile. Mpagazi mzigo wake unapimwa getini kwenye mizani, mwisho kilo 20, anautwaa kichwani au mgongoni, anawapita wageni njiani, akifika kambini anasimamisha mahema kabla hawajafika. Sasa kuna kitu wengi hawakijui, kambi ya Barafu, ile ambayo wanaotumia njia ya Machame na Lemosho wanalala kabla ya kwenda kileleni, haina maji. Maji ya mwisho yako bonde la Karanga. Kila chai uliyokunywa Barafu, kila supu, na ile chupa uliyojaziwa saa tano usiku kabla hujaanza kupanda, kuna kijana aliyapandisha hayo maji kutoka Karanga. Ukienda kama mgeni yaulizie, utaoneshwa hata ndoo zenyewe.

Namna ya kuwauliza na yenyewe ina utaratibu. Usimsumbue mtu akiwa na wageni wake, hapo yuko kazini na macho yake yako kwao. Omba namba, mtafute akishashusha, mnunulie mtori au supu, na kama amekuzidi umri anza na shikamoo kama mtoto wa watu. Na usimuulize "kazi ni nzuri?", atakuambia nzuri tu basi mazungumzo yameisha. Muulize siku aliyoiona ngumu. Kuna mzee mmoja wa Machame aliyepanda mlima tangu ujana wake, siku moja nilikuwa na kijana aliyekuja kuomba ushauri, nikampeleka kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu ukae."

"Mzee naomba uniambie, siku gani kwenye hii kazi uliiona nzito kuliko zote?"

Mzee akaweka kikombe chini. "Siku ya kumrudisha mgeni. Si mara moja, ni nyingi. Uko juu ya Barafu saa tisa usiku, mmebakiza kidogo mfike Stella, pale ukingoni karibu na kilele, kifaa cha kidoleni kinakuonesha oksijeni imeshuka, unamwongelesha anajibu vingine. Mtu amejinyima miaka aje hapa. Unamwambia mama, tunashuka. Analia, anakutukana, anakupa hela. Unashuka naye. Usiku ule anakuchukia, na hutakiwi kujali."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi akiwa chini, Mweka, anapumua vizuri anakushika mkono. Wengine hawakushiki. Na hao pia uliwashusha wazima."

Yule kijana alirudi kwangu akasema sasa ndo nataka zaidi. Yuko mlimani mpaka leo, alianza na mzigo, sasa ni mwongozaji msaidizi, na ndo njia waliyopita waongozaji wengi wakubwa wa Kilimanjaro, mgongo kwanza leseni baadaye. Ni kazi yenye heshima ya zamani, Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu ndo anayetajwa kwamba alimwongoza Mjerumani Hans Meyer kufika kileleni safari ile ya 1889, na watu wa kwao wanamtaja kwa fahari mpaka kesho.

Jaribu kwa bei ndogo kabla hujalipa bei kubwa

Kama unadhani wewe ni mwongozaji, jaribio langu ninalolipenda ni hili: panda gari Moshi kuja Arusha, ni kama kilomita 80, chukua mjomba au rafiki ambaye hajui njia hiyo, na mweleze kila kitu mpaka mfike. Usitumie simu. Mnavuka mto Weruweru na Kikafu, je unaweza kumwambia maji yale yanatoka wapi na yanaenda wapi? (Yanatoka mlimani, yanaenda Nyumba ya Mungu na mto Pangani.) Boma Ng'ombe pale, wilaya gani? Mbona migomba ya juu inaisha ghafla na huku chini ni nyasi kavu na mahindi? Mkifika Tengeru, unajua kwamba wakati wa vita vya pili vya dunia waliishi pale maelfu ya wakimbizi kutoka Poland, na makaburi yao yapo mpaka leo? Mkiingia mjini, Azimio la Arusha lilikuwa mwaka gani, na lilisema nini hasa? Mjomba akisinzia Kikatiti, jiulize kwa nini. Akianza kukuuliza maswali yeye, na wewe ukaona raha kujibu mpaka mkapitiliza kituo, basi una kitu. Rudia tena na mtu mwingine, safari hii awe mtoto, watoto hawadanganyi wakichoka.

Kama ni mlima, nenda Marangu upande mpaka Mandara, mita 2,720, na kurudi siku hiyo hiyo, halafu siku nyingine urudie na begi lenye uzito wa kweli. Kwa Mtanzania kiingilio kinalipwa kwa shilingi na ni kidogo ukilinganisha na anacholipa mgeni wa nje, kwa hiyo hii nafasi tunayo sisi kuliko mtu yeyote duniani. Kama ni upishi, pikia watu ishirini kwenye kipaimara au msiba, kwa jiko la mkaa, mvua ikinyesha, uone kama bado unapenda. Kama ni ofisini, panga safari ya ukoo mzima kwenda chemchemi za Chemka kuogelea: gari, chakula, michango, shangazi anayeghairi dakika ya mwisho, mtoto anayetapika. Ukimaliza siku ile ukiwa na furaha kwamba kila mtu kafika salama, njoo tukuajiri.

Disemba

Hili nalitenga peke yake kwa sababu limevunja ndoto za watu wengi wa huku. Sizoni yetu ya pili ni mwisho wa mwaka. Wakati Wachaga wote wanapanda mabasi kutoka Dar kwenda kula krismasi nyumbani, Moshi imejaa mpaka huwezi kupita, migomba imefagiliwa, mbuzi ameshafungwa, mtu wa mlimani anakuwa kambi ya Horombo na wageni. Na dereva yuko Ndutu au Seronera, huko Serengeti. Mwezi wa saba na wa nane hivyo hivyo hayupo. Nimeona ndoa zinabeba hili vizuri kabisa, wanakula krismasi yao mwezi wa pili na wanacheka, na nimeona familia ambazo hazikuwahi kukaa chini kulizungumza mpaka likawa ugomvi wa miaka. Kwa hiyo kama una mwenzi, mpe tarehe. Mwambie nitakosekana kuanzia lini mpaka lini, mara ngapi kwa mwezi, simu itashika mtandao wapi na wapi haitashika. Na wazazi pia, hasa kama wewe ndo mtoto wa mwisho unayetegemewa kubaki nyumbani, kawaambie uso kwa uso, usitume ujumbe.

Kama unachopenda ni kusafiri tu

Kuna watu baada ya kupita yote hayo wanagundua hawaitaki kazi ya safari, wanataka safari yenyewe. Mi nawaambia ukweli, kwa mtu wa namna hiyo kazi ya utalii inaweza kumuulia raha yote, manake utakwenda Serengeti mara nyingi na hata siku moja hutakaa siti ya nyuma ukaangalia tu. Baki na kazi yako. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na wengi wetu tunaimalizia nyumbani tukisubiri fundi bomba. Igawanye, zamu moja Meru, zamu nyingine Kigoma au Kilwa. Nesi au mwalimu mwenye likizo yake iliyopangwa na akiba ndogo ya kila mwezi anaweza kuona nchi hii kuliko wengi tunaoshinda ofisi za safari.

Chuo na makaratasi

Hapa sitakaa sana. Mambo ya wanyamapori na uongozaji, chuo kinachojulikana ni Mweka, juu ya Moshi, kipo tangu 1963. Hoteli na upishi, VETA Njiro. Chuo cha Taifa cha Utalii nacho kina kampasi Arusha. Askari wa hifadhi wengi wanapita Pasiansi, Mwanza. Kwa udereva leseni ya gari la nyumbani haitoshi, utahitaji daraja la kubeba abiria na mafunzo yake. Kupanda Kilimanjaro na wageni lazima mwongozaji awe na leseni ya hifadhi. Vyote hivyo nenda kaulize chuoni au ofisini kwenyewe, siyo kwa mtu aliyekutana na wewe stendi. Na mtu yeyote anayekudai hela ili akupatie kazi kwenye kampuni, au anayekuambia cheti cha huduma ya kwanza atakuletea bila kuhudhuria, mwache hapo hapo. Cheti cha huduma ya kwanza ambacho hukukisomea kitakuja kuhitajika siku mgeni hapumui.

Lugha ya pili ya kigeni ina faida kubwa kuliko cheti cha pili. Kiingereza kila mtu anacho, Kijerumani, Kifaransa, Kihispania na Kichina ndo vinavyokutofautisha, na unaweza kuanza leo ukiwa hapo hapo Dodoma.

Njoo lini

Wengi wanakuja kuomba kazi mwezi wa saba, wakati hakuna mtu ofisini mwenye hata dakika tano za kumsikiliza. Njoo masika yenyewe, mwezi wa nne kwenda wa tano. Mabosi wapo, chai inanyweka taratibu, madereva wanapiga stori gereji, na ndo wakati kampuni zinajua zitapungukiwa na nani sizoni ikifunguka. Ukifika usiombe kuonana na mkurugenzi, omba kuonana na anayepanga magari na watu, kila kampuni anaye, ndo anayejua mahitaji halisi. Mwambie kitu kimoja mahususi: nimejaribu hiki, nikaona hiki, naomba nije fildi wiki mbili, hata kuosha magari au kupanga mafaili. Beba nakala za vyeti na kitambulisho cha NIDA kwenye mfuko wa nailoni, mvua zetu hazipigi hodi, na vaa viatu vya matope, barabara za ndani Njiro na Sakina wakati huo zinateleza. Ukikuta kijana yuko chini ya gari anafunga springi mshikie tochi, na muulize anachofanya.